Mgomba Tuliouchekea Paredi

Kila Ijumaa asubuhi, mwalimu mkuu akishamaliza kutukumbusha habari za kucha na nywele, nilikuwa napewa dakika tano za paredi mbele ya shule nzima. Ni mimi niliyeziomba. Nilikuwa gredi ya tisa, kimo changu kikiniweka dawati la mbele na mdomo wangu ukistahili dawati la nyuma, na mwalimu wetu wa Kiswahili aliona kuliko kunitoa nje ya darasa kila siku, ni heri mdomo huo autafutie kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusema jambo moja la ajabu kutoka popote duniani, lakini liwe la kweli.

"Likiwa la uongo," akaniambia, "utaosha choo cha wavulana wiki nzima."

Mtu aliyewahi kupita karibu na choo hicho ataelewa kwa nini nilikuwa mkweli sana mwaka huo.

Habari nilikuwa nazipata kwa simu ya mama, ambayo kioo chake kimepasuka kama ardhi ya kiangazi, jioni akirudi kutoka sokoni anakouza mitumba. Niliwaambia kuhusu mji mmoja Ulaya ambapo mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi unapita katikati ya nyumba za watu, mtu analala nchi moja na kuchemsha chai nchi nyingine. Nilidhani wataanguka. Hakuna aliyeshtuka. Sisi ni watu wa Busia, nusu ya shule ina shangazi upande wa Uganda.

"Hiyo nayo ni ajabu?" mtu akapiga kelele kutoka laini ya gredi ya nane. "Kuku wetu analala Kenya na kutaga Uganda!"

Ijumaa iliyofuata nikaleta mji wa Honduras ambao watu wake husema kila mwaka mvua ikinyesha sana, samaki wanapatikana barabarani. Watoto wa gredi ya kwanza wakatazama juu. Mpishi wetu, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama akauliza kama wanaanguka wakiwa wabichi au wamekaushwa. Nikaleta pia shimo la Turkmenistan lililowaka moto miaka na miaka kwa sababu ya gesi, nikaongeza kwamba mwalimu wa hisabati alizaliwa hapo kando. Shimo lilikuwa la kweli, mwalimu wa hisabati hakuwa wa kweli, na kwa hiyo choo nilikiosha.

Lakini walicheka. Lazima niseme ukweli hapa, maana bila huo hamtanielewa: kicheko cha watu mia nne asubuhi, wewe ukiwa umesimama mbele na wao wamesimama kwenye laini, ni kitu kitamu kuliko chapati. Ukishakionja, Jumatatu unaanza kukitafuta tena.

Nilikuwa na rafiki. Tulikaa dawati moja tangu gredi ya nne. Yeye hakuwa mtu wa kelele. Hata kucheka alicheka kimya, mabega yakitikisika kama mtu amekalia pikipiki ambayo haijazimwa, na mimi nilikuwa nikijua utani wangu ni mzuri kwa kuangalia mabega yake. Alikuwa na mdogo wake gredi ya tatu, shule hiyo hiyo, maana sisi wa juu na wale wadogo tulikuwa kiwanja kimoja na paredi moja. Huyo mdogo alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele na sweta ya kijani iliyomfika magotini. Alinipenda kupita kiasi. Ajabu zangu alizibeba nyumbani akazimwaga vibaya. Mama yao aliwahi kuniuliza ni nchi gani hiyo ambako samaki hutaga barabarani.

Baba yao nilijua ni marehemu. Kaburi liko nyuma ya nyumba yao, lina msalaba wa mbao na jina, na mimi nimepita hapo mara nyingi nikienda kuiba mapera. Kila shule ikifungwa, yule mdogo alikuwa anaenda pale na ripoti yake, anakaa chini, anamsomea baba. Kiingereza, amefikia matarajio. Hisabati, anakaribia matarajio. Alikuwa anaruka maoni ya mwalimu.

Siri yenyewe niliambiwa Jumamosi moja, tukifua sweta kwenye bomba. Tulikuwa tunabadilishana siri. Mimi nilitoa yangu: nilikojoa kitandani mpaka gredi ya tano, na lile godoro lililokuwa linaanikwa nje kila siku halikuwa la mdogo wangu kama nilivyotangaza. Rafiki yangu hakucheka. Alikamua sweta, akatazama kama kuna mtu nyuma, halafu akaniambia.

Baba yake alikuwa tanboi, yule msaidizi wa dereva wa lori. Alipandia lori Malaba, wakavuka wakielekea Juba. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Baba alipiga simu mara moja akiwa mbali, akasema mtandao ni mbaya, akasema atamletea mkubwa viatu. Basi. Hakupiga tena. Mama yao alienda Malaba si mara moja, akauliza madereva, akauliza akina mama wanaowauzia chakula, akamtafuta mwenye lori, na mwenye lori akamwambia hata yeye anatafuta lori. Miaka ikapita. Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema mtu ambaye hajazikwa hana pa kulala, na aliowaacha hawana pa kuanzia. Kwa hivyo walifanya inavyofanywa kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane. Walikata shina la mgomba, wakalivalisha nguo zake, wakaliweka kwenye jeneza, likaombewa, likazikwa.

"Mgomba?" nikauliza.

"Mgomba."

"Sasa dada yako..."

"Hajui. Alikuwa mdogo. Aliambiwa baba amerudi, amelala pale. Anajua yuko ndani." Akanishika mkono wenye sabuni. "Usimwambie mtu."

"Nikimwambia mtu niliwe na fisi."

"Busia hakuna fisi."

"Nitapanda gari nimfuate aliko."

Mabega yakatikisika kidogo. Hayo ndiyo mapatano yetu. Siri yangu ya godoro yuko nayo mpaka leo, na hajaitoa.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja wa darasa letu, wa dirishani, ambaye kazi aliyotumwa duniani ilikuwa kunipinga. Ijumaa moja nikiwa katikati ya ziwa la Venezuela ambako radi hupiga karibu kila usiku, alipaza sauti: "Hizo zote ni za mbali! Nani ataenda kuangalia? Leta ya hapa!"

Laini zote zikaitikia. "Ya hapa! Ya hapa!"

Mwalimu wa Kiswahili akatabasamu, jambo ambalo hufanya mara mbili kwa mwaka. "Ombi zuri. Ijumaa ijayo, ajabu ya Busia."

Nilitafuta wiki nzima. Niliuliza mama, akaniambia ajabu ya Busia ni mtoto wake kutoosha vyombo. Nilimpigia nyanya yangu wa Funyula, akanieleza kuhusu mbuzi aliyekula leso ya kanisani, akanieleza mpaka salio likaisha na mbuzi hajamaliza. Nilifikiria mafuriko ya Rukala, lakini mtu wa kule akiambiwa mafuriko ni ajabu atakucheka. Kwao mafuriko ni kalenda. Alhamisi ikafika. Sina kitu. Na kila nikifikiria kitu cha kweli, cha ajabu, cha hapa hapa, kulikuwa na kimoja tu, nacho kilikuwa kimekaa kichwani kama mgeni aliyeambiwa karibu chakula.

Nilijiambia sitataja jina. Nilijiambia na hiyo ni mila, si aibu, watu wengi wameifanya. Nilijiambia hata nitakuwa nafundisha. Mtu akitaka kuiba huwa na wakili tumboni, na wangu siku hiyo alikuwa amesoma sana.

Ijumaa, jua lilikuwa la mapema, kali. Rafiki yangu alikuwa laini yetu, wa tatu kutoka mwisho. Mdogo wake alikuwa mbele kabisa, karibu na viatu vyangu, ameshika mikono ya sweta tayari kwa kicheko.

"Kuna boma moja," nikaanza, "si mbali na hapa, ambako watu walizika mgomba."

Walianza kucheka hapo hapo. Sikuangalia yale mabega. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote: nilijua yako wapi, na sikuyaangalia.

Niliendelea. Nikasema mgomba ulivalishwa shati na tai. Nikasema wazee walipanga laini kuuaga, na mmoja akamwambia mwenzake, jamani, hata hajabadilika. Nikasema pasta aliuombea ufufuke siku ya mwisho, na mtoto mmoja akauliza utafufuka na ndizi mbivu au mbichi. Hayo ya pasta na mtoto niliyatunga hapo hapo nimesimama. Shule ilivunjika. Mwalimu mkuu alijifanya anakohoa. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa yule mdogo, ameshika tumbo, pengo lake liko wazi kwa dunia, anamgonga mwenzake begani: "Mgomba! Walizika mgomba!"

"Ni wapi huko?" kijana wa dirishani akauliza.

"Si mbali."

"Wapi?"

Kuna msichana wa gredi ya sita anayetoka upande wao. Hakuwa na ubaya. Alikuwa tu amefurahi kujua kitu. Akanyoosha kidole kwa yule mdogo, akasema kwa sauti ya kusaidia: "Ah, si ni kwao!"

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua laini kwa laini. Mdogo alibaki akicheka peke yake kidogo, kama baiskeli ambayo mwenyewe ameshuka na bado inateremka. Halafu akageuka nyuma kumtafuta dada yake kati ya watu wote wale. Akamwona. Sijui uso wa dada yake ulikuwa unasema nini, maana hata hapo sikuangalia. Niliangalia tu mtoto, na nikaona anapata jibu.

Rafiki yangu alitoka kwenye laini. Akapita mbele yangu bila haraka, akamshika mdogo wake mkono, akachukua begi, wakatoka getini. Mwalimu wa zamu hakuwazuia.

Mwalimu wa Kiswahili aliniita kando.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mwalimu."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu mawe ya kokoto. "Basi sina adhabu yako," akasema. "Tulipatana iwe kweli."

Ningeosha kile choo kwa mikono. Ningekiosha mpaka Krismasi.

Jumatatu rafiki yangu alikuja mapema, akahamisha vitabu vyake dawati la ukutani. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata na majibu. Darasani watu waliniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli tai ilikuwa nyekundu. Nikagundua hadithi imekua yenyewe, imeota tai nyekundu bila mimi. Nilisikia pia kwamba Jumamosi mama yao alimkuta mdogo kaburini na kijiko cha mezani, ameshachimba shimo la kutosha kupanda muhindi.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, rafiki yangu akaja akasimama mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha.

"Hayuko."

"Nani?"

"Unajua nani."

Begi lilikuwa darasani, sahani haikuguswa. Mwalimu wake alidhani ameenda msalani. Rafiki yangu alisema neno moja tu, "Malori," akaanza kutembea, na mimi nikamfuata hatua kumi nyuma, maana hakuniambia niende wala hakuniambia nibaki.

Mnaojua barabara yetu mnajua ile foleni. Malori yanajipanga kungoja kuvuka mpaka, moja nyuma ya lingine, hata ukiwa mwisho wa foleni huoni mpaka wenyewe uko wapi. Madereva wanaanika nguo kwenye vioo, wanapika chini ya trela, wanalala kwa bembea kati ya magurudumu. Tulianza kuuliza, yeye upande wa kushoto, mimi upande wa kulia.

"Boss, umeona mtoto? Sweta ya kijani?"

"Mwenye pengo? Amepita hapa. Ananiuliza kama natoka Juba." Dereva akatafuna muwa. "Nikamwambia, binti, hii laini ni ya Kampala. Akasema basi niulize wenzangu."

Lori lingine. "Amepita. Amenisomea namba ya gari yangu kwa sauti, akaniuliza kama nina tanboi."

Lori lingine. "Ni wenu? Mnaachaje mtoto hivi, nyinyi wasichana?"

Sikuwa na utani. Nilitafuta hata mmoja, wa kunisaidia kutembea, sikupata. Kila dereva aliyesema amepita hapa alikuwa ananipigia hesabu: huyu naye amemuuliza, na huyu, na huyu. Mtoto wa miaka minane amepita lori kwa lori akiuliza habari za baba yake kwa sababu mimi nilitaka Ijumaa yangu iende vizuri.

Tulimpata karibu na kituo cha mafuta, chini ya trela moja refu, ameketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa. Mzee mmoja dereva, mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ameweka sufuria kwenye jiko la makaa. Alikuwa amempa chai na kipande cha mkate, na mtoto ameshika mkate bila kuula.

"Karibuni," mzee akasema. "Huyu ni wenu? Nimemwambia akae hapa, anayemtafuta atapita. Barabara hii haina njia nyingine."

Rafiki yangu alimshika mdogo wake mabega akamtikisa, kisha akamvuta kifuani, kisha akamtikisa tena. "Unataka kumuua mama? Unataka kumuua?"

Mtoto alimwacha amalize. Halafu akaninyooshea ule mkate kama kidole.

"Huyu alisema ni kweli," akamwambia dada yake. "Yeye husema za kweli, akidanganya anaosha choo. Wewe na mama mlisema baba yuko ndani. Sasa nani muongo?"

Rafiki yangu akaanza kumfuta vumbi magotini.

Hapo nikaona njia. Niliiona ikiwa nyeupe kabisa. Nikachuchumaa mbele ya yule mtoto nikasema, "Ni mimi muongo. Niliitunga. Hakuna mgomba. Sikuwa na ajabu ya Ijumaa, nikaitunga tu. Baba yako yuko pale."

Alinitazama. Nilimwona anataka kuniamini, uso wake ulianza kulegea kutoka kwenye macho kwenda chini. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilijiona nimerekebisha.

"Hapana," rafiki yangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usimdanganye tena. Sisi tulimdanganya, wewe ukamcheka. Inatosha." Akamgeukia mdogo wake. "Ni mgomba. Twende mama akwambie."

Mzee dereva alizima jiko lake kwa maji kidogo. Hakuuliza kitu. Alitoa mkate uliobaki kwenye karatasi, akaufunga, akampa mtoto, akasema atauliza. Kila mahali atakapopita, atauliza. "Siwezi kukuahidi kitu kingine," akamwambia, kama anavyoongea na mtu mzima mwenzake.

Nilijaribu kuachana nao njia panda. Rafiki yangu akasema bila kugeuka, "Na wewe unaenda wapi?" Nikawafuata.

Mama yao alikuwa nyumbani, anaanua mihogo kwenye gunia. Alipoambiwa, alikaa chini kwanza. Halafu akaniambia na mimi nikae. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, ningeipokea kama mwaliko wa harusi. Hakushika fimbo.

"Ulisema tai," akaniambia.

Niliangalia mihogo.

"Hakukuwa na tai. Hajawahi kuvaa tai hata siku ya harusi. Lilikuwa shati la samawati, la mikono mifupi, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Nilikishona mimi. Na hakuna pasta aliyesema hayo. Na watoto hawakuuliza ndizi."

"Ndiyo, mama."

"Kama utasema mambo ya watu, sema yalivyokuwa."

Kisha akamvuta yule mtoto karibu, akaacha kuongea nami, akawa anaongea na yeye. Akamweleza kwamba shina la mgomba linachaguliwa kwa sababu lina maji ndani na lina ubaridi, ukiligusa ni kama mtu. Akasema wazee walitaka likatwe kimo cha baba, na pale boma zima hakuna aliyewahi kumpima baba kimo, maana nani humpima mtu mzima? Wakaulizana. Mmoja akasema alikuwa mrefu, mwingine akasema si mrefu sana. Wakabishana kama watu wanaouziana ng'ombe.

"Nikawaambia niacheni mimi." Akasimama hapo kwenye mihogo. Akanyoosha mgongo, akainua mkono juu ya kichwa chake, kiganja kikiwa kimelala, vidole vinne hivi juu ya leso. "Kidevu chake kilikuwa kinanifika hapa kwenye paji. Basi kichwa kinaishia hapa. Wakaweka mgomba kando yangu. Wakakata hapo."

Mkono wake ulibaki juu.

Mtoto akainuka. Akasimama mbele ya mama yake, akamwegemea kwa mgongo, akanyoosha mkono wake juu kadiri ulivyofika. Haukufika. Akapanda juu ya gunia. Akagusa kile kiganja kutoka chini, akakaa hivyo muda, akitazama mbele, anapima.

"Alikuwa mrefu," akasema.

"Ee," mama yake akajibu. "Kiasi."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu mia nne nikawafanya wauone mgomba huo, na mimi mwenyewe sikuwa nimeuona. Nilikuwa nataka ardhi inipasukie, lakini ardhi ya pale ilikuwa na kazi nyingine.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu wa Kiswahili dakika tano nitubu mbele ya paredi. Nilikuwa nimeandika msamaha kurasa mbili, na nakiri ulikuwa na mahali pazuri pazuri. Rafiki yangu aliposikia, alinifuata kwenye bomba.

"Usisimame pale."

"Nataka kuomba msamaha."

"Ukituongelea tena, hata kwa kuomba msamaha, watatugeukia watutazame tena. Unataka wakutazame wewe. Si sisi."

Kurasa zile nilizichana. Ijumaa yangu wakapewa watu wa klabu ya mazingira, wakatufundisha mbolea ya takataka mpaka mwaka ukaisha.

Sasa niko gredi ya kumi, shule nyingine. Rafiki yangu yuko shule yake. Tukikutana sokoni tunasalimiana. Habari, nzuri, mama hajambo, hajambo. Mdogo wake ndiye ambaye siku moja alinisimamisha njiani, meno mapya yamejaa mdomoni, akaniambia kama mwalimu wa zamu: "Siku nyingine ukijua kitu chetu, uniambie mimi kwanza."

Kwa hivyo nilipotaka kuandika haya, nilienda kwao nikamsomea yeye. Mama yake alisema niandike, mradi nisitaje jina la mtu na nisirudie ile tai bila kusema ni uongo. Mtoto alisikiliza yote ameshika kidevu. Alitaka niongeze kwamba siku ile ya malori hakupotea, alijua njia. Nimeongeza. Kulikuwa na mahali nilipoandika kwamba alilia, akaniambia niondoe, na nimeondoa.

Dada yake alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Alijua nimekuja, hakuja mbele. Nilikuwa nasikia nguo zikigongwa kwenye beseni, na bila kujua nikawa nasoma kwa sauti kubwa, kubwa zaidi, ili maneno yamfikie kule, hasa pale ninapojilaumu. Halafu nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza katikati ya sentensi, nikasogea karibu na yule mtoto, nikamsomea yaliyobaki kwa sauti ya kumfika yeye peke yake.